Ukuta wa Bustani na Jumba Lisilo na Paa

Mwezi uliopita walitujia mume na mke, Wakristo wa siku nyingi, wakiwa na shauri lao. Mke alikuwa amelima kipande kidogo cha ardhi mbele ya nyumba, upana wake hatua tatu, akapanda maua. Mume aliporudi safarini aliyang'oa yote, akapanda mihogo. Basi mke akanyamaza siku nane, wala hakumwita mumewe chakulani ila kwa kumtuma mtoto. Mwishowe wakaona haya mbele ya watoto wao, wakaja kwetu ili waamuliwe.

Mume alisema, "Mwalimu, mimi nina watoto sita. Je, maua huliwa?"

Mke akajibu bila kumtazama, "Mwalimu, mwambie baba watoto kwamba mihogo tunayo shamba zima. Mimi nilitaka hatua tatu tu."

Siku ile hatukuweza kuamua. Tuliwaomba watupe muda, maana shauri lile si dogo kama lionekanavyo. Ndani yake mna swali ambalo kila nyumba hukutana nalo: mtu mwenye haja nyingi ana ruhusa gani ya kutumia nguvu zake na mali yake kwa kitu kizuri kisicholiwa wala kuvaliwa? Tulipokuwa tukilifikiri jambo hili, tulikumbuka habari za ukuta mmoja ulioko nchi ya Uskoti. Twataka kuwasimulia habari hizo leo, maana ukuta huo una neno la kumwambia mume, na neno la kumwambia mke, na neno la kutuambia sisi tuliokaa kuamua.

Mahali penyewe huitwa Edzell, katika jimbo la Angus, karibu na mji wa Brechin. Hapo pana jumba kubwa la mawe mekundu, nalo ni magofu. Mnara wake wasimama, lakini hauna paa. Madirisha yake ni matundu matupu, na mvua huingia palipokuwa chumba cha kulia cha mabwana. Kando ya magofu hayo pana bustani iliyozungukwa na ukuta wa mawe, kimo chake kama futi 12. Urefu wa bustani ni karibu futi 170, na upana wake karibu futi 140. Jumba limekufa, lakini bustani na ukuta wake ni hai, na watu hutoka nchi za mbali kuja kuutazama.

Huenda msomaji akauliza, ukuta wa bustani ni kitu gani hata uwe na sifa? Sisi huku hujenga ua wa miti au wa makuti, nasi twautaka utuzuilie mbuzi tu. Lakini katika nchi za baridi ukuta wa bustani una kazi zaidi. Kwanza, huzuia upepo ambao huko waweza kuua mche mchanga kwa usiku mmoja. Pili, mawe hunywa joto la jua mchana, na usiku huliachilia polepole, kama chungu kilichoepuliwa ambacho bado hukipasha joto chumba. Kwa hiyo mti wa matunda ulioegemezwa ukutani huzaa mahali ambapo mwenzake wa kondeni hauzai. Ukuta wa namna hiyo hulilinda shamba na kulipa joto pia.

Sasa tuje kwa aliyeujenga. Jumba la Edzell lilikuwa mali ya ukoo wa Lindsay, nalo lilianza kujengwa kama mwaka 1520. Lilikuwa nyumba ya heshima: Malkia Mary wa Uskoti alilala hapo mwaka 1562, na mwanawe, Mfalme James wa Sita, alifika mwaka 1580 na tena mwaka 1589. Bwana wa siku zile, Sir David Lindsay, alifiwa na baba yake mwaka 1558 angali mtoto. Alipokua alipelekwa nchi nyingine za Ulaya kusoma pamoja na mwalimu wake, akarudi akiwa mtu wa elimu nyingi. Mwaka 1593 akafanywa hakimu katika baraza kuu la hukumu la Uskoti, ndipo akaanza kuitwa Lord Edzell. Alipenda vitabu, na miti, na kutafuta madini katika milima yake. Hata akaita wachimbaji kutoka Nuremberg, mji wa Ujerumani, waje kumpimia ardhi.

Mwaka 1604 bwana huyu alitengeneza bustani yake. Mwaka huo umechongwa juu ya mlango wa bustani, pamoja na alama za ukoo wake na za ukoo wa mkewe, Dame Isobel Forbes. Katika pembe moja alijenga nyumba ndogo ya ghorofa ya kupumzikia, na katika pembe nyingine nyumba ya kuogea. Lakini ajabu ya Edzell ni ukuta wenyewe, kwa maana bwana huyu aliugeuza kuwa kama kitabu.

Ukuta umegawanywa vipande vipande. Kipande kimoja kina jiwe lililochongwa sanamu; kinachofuata kina matundu ya mraba yaliyopangwa kama ubao wa bao la Kizungu, mfano wa alama ya ukoo wa Lindsay, na matundu hayo hupandwa maua. Juu ya matundu mna nyota tatu za mawe, kila moja yenye ncha saba. Yasemekana kwamba nafasi nyingine zilizoachwa ukutani ziliwekwa ili ndege wapate kujenga viota vyao. Hivyo ukuta mmoja huchukua sanamu, na maua, na ndege.

Sanamu zenyewe ni makundi matatu, saba kwa saba. Upande wa mashariki zimechongwa nyota saba ambazo watu wa kale walizihesabu kuwa zatembea mbinguni, pamoja na jua na mwezi. Upande wa kusini ni elimu saba zilizofundishwa katika shule kubwa za zamani: sarufi, usemaji, kujadiliana, hesabu, muziki, kupima ardhi, na elimu ya nyota. Upande wa magharibi ni fadhila saba, nazo twazijua sana sisi tufundishao katekisimu: Imani, Tumaini, Upendo, Busara, Haki, Nguvu ya Moyo, na Kiasi.

Mafundi hawakuzibuni sanamu hizi kwa akili zao wenyewe. Zile za nyota zilifuata picha zilizochapwa Ujerumani katika miaka ya 1520 na fundi ajulikanaye kwa herufi mbili tu, I.B. Nazo za elimu na fadhila zilifuata picha za Marten de Vos, mchoraji wa nchi ya Flanders. Tazameni jinsi karatasi nyepesi iwezavyo kuvuka bahari, ikafika mkononi mwa mchonga mawe, ikawa jiwe. Nasi tunaochapa karatasi hii ndogo kila mwezi twajipa moyo kwa habari hiyo.

Hata hapa yule mke anaweza kufurahi na kusema, "Mwaona! Bwana mkubwa na mwenye elimu alitumia mali yake kwa maua." Lakini angoje kidogo, kwa maana habari haijaisha.

Lord Edzell alikufa mwezi wa Desemba mwaka 1610, miaka sita tu baada ya kuandikwa tarehe ile mlangoni. Alikufa akiwa na madeni makubwa sana, na bustani aliyoijenga ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomletea madeni hayo. Alikuwa na mipango ya kulikuza jumba lake, nayo ikakoma. Waswahili husema, kukopa harusi, kulipa matanga. Yeye aliona harusi, na watoto wake wakaona matanga.

Wala si deni peke yake. Mwaka 1607, katika ugomvi wa ukoo wa Lindsay wenyewe, mwana wa bwana huyu alivizia jamaa yake mmoja njiani katika mji wa Edinburgh, na katika vurugu hiyo Lord Spynie, aliyekuwa wa ukoo uleule, akauawa. Basi nyumba ya hakimu ikaingia katika damu, na baba mwenye sanamu ya Haki katika bustani yake akapata aibu na taabu katika siku zake za mwisho.

Wasomaji wapenzi, hapa ndipo tulipoliweka gazeti chini, tukakaa kimya. Fikirini. Mtu huyu alichonga Hesabu katika ukuta wa kusini, na hesabu za nyumba yake zikamshinda. Alichonga Kiasi katika ukuta wa magharibi, naye akakosa kiasi hata katika kuijenga bustani iliyomsifu Kiasi. Alichonga Haki na Upendo, na mwanawe, aliyeijua bustani ile, akachukua silaha juu ya jamaa yake. Kumbe fadhila yaweza kuchongwa vizuri mno katika jiwe, ikatazamwa kila asubuhi, wala isiingie moyoni.

Hatusemi haya ili tumcheke marehemu. Tulipokuwa tukisoma habari zake tuliinua macho, tukaona ukuta wa nyumba yetu sisi. Juu ya meza pametundikwa karatasi yenye Amri Kumi, imeandikwa kwa herufi nzuri. Sisi wenyewe tuliiandika zamani, tulipokuwa vijana tukitoka shuleni. Na chini ya karatasi hiyo, ndani ya mtoto wa meza, mna daftari la duka, na katika daftari hilo jina letu limekaa miezi mitano kwa ajili ya nguo tulizochukua sikukuu. Kila siku twapita mbele ya mwenye duka tukigeuza uso, kama mtu aliyeona kitu cha maana upande wa pili wa barabara. Tena sisi ndio tulioketi kuamua neno la watu wengine! Dawa ya deni ni kulipa, wala si kutundika karatasi juu yake.

Basi, je, mume amepata haki? Je, tumwambie mke kwamba maua ni njia ya deni na upotevu? Naye mume angoje kidogo, kwa maana habari bado haijaisha.

Baada ya kufa kwa Lord Edzell, ukoo wake uliendelea kukaa katika jumba lile zaidi ya miaka mia, lakini mali ilizidi kupungua. Mwaka 1651 askari wa Cromwell walikaa humo. Mwaka 1715 Lindsay wa mwisho aliiuza nchi yake kwa Earl wa Panmure. Mwaka uleule Panmure akaingia katika maasi juu ya mfalme, na maasi yaliposhindwa alinyang'anywa mali zake zote. Nchi ikaangukia mikononi mwa kampuni moja ya London iliyonunua mali za waasi. Kampuni nayo ikafilisika, na kufika mwaka 1764 kila kitu kilichoweza kuuzwa kilikuwa kimeuzwa: paa likang'olewa, na miti ikakatwa. Nyumba ikiisha kung'olewa paa, haina siku nyingi. Mvua huingia, mbao huoza, kuta hupasuka. Sisi tuliokaa katika nyumba za udongo twajua sana habari hii, wala hatuhitaji kwenda Uskoti kuisoma.

Lakini ukuta wa bustani haukuwa na paa la kung'olewa. Haukuwa na mbao za kuuza. Sanamu ya Tumaini ilikuwa na thamani gani sokoni? Vile vitu ambavyo watu walisema ni mali, ndivyo vilivyobebwa. Na kile kitu ambacho mtu mwenye akili ya biashara angekiita upuuzi, yaani ukuta wa maua, ndicho kilichoachwa. Basi ukuta ukasimama, umemea majani na ndege wakizaa humo, hata katika miaka ya 1930 serikali ikachukua bustani na magofu kuvitunza. Maua yakapandwa tena, na vichaka vikakatwa kwa ustadi hata vikaandika ardhini maneno ya ukoo wa Lindsay kwa Kilatini, ambayo maana yake ni hii: maadamu navuta pumzi, natumaini.

Twaona basi kwamba wote wawili walioleta shauri wana sehemu ya kweli. Mume asema kweli kwamba mtu asijenge uzuri kwa mali asiyo nayo. Bwana wetu alitupa mfano wa mtu aliyetaka kujenga mnara asiketi kwanza na kuhesabu gharama, watu wakamcheka. Lord Edzell aliweza kuusoma mfano huo kwa lugha nyingi kuliko sisi, naye hakuketi. Kama mke angekopa fedha ili anunue mbegu, au kama angewanyima watoto chakula kwa ajili ya maua yake, tungemwambia ayang'oe kwa mikono yake mwenyewe.

Lakini mke hakukopa kitu. Mbegu alipewa na jirani. Jembe ni lake, na jasho ni lake. Shamba la mihogo li zima, tumelitazama. Alichotaka ni hatua tatu za ardhi ambayo zamani ilikuwa ikifagiliwa tu, ili mgeni akifika aone kwamba watu wa nyumba hii wana furaha. Yule aliyewaambia wanafunzi wake wayatazame maua ya kondeni hakusema, yang'oeni kwanza mpande mihogo. Tena chakula chetu cha mwaka huu tutakisahau mwakani. Lakini mtoto akiisha kumwona mama yake akiinama jioni kumwagilia maua maji aliyooshea vyombo, atakumbuka jambo hilo hata atakapokuwa mzee.

Kwa hiyo tuliwaita tena, tukawasimulia habari za ukuta wa Edzell kama tulivyowasimulia ninyi, wala hatukuficha habari za daftari letu. Mume alisikiliza akitazama chini. Alipoinua uso hakusema lolote juu ya maua, aliuliza tu, "Mwalimu, yule bwana hakuwa na mke wa kumwonya juu ya madeni?"

Tukamjibu kwamba alama za ukoo wa mkewe zimechongwa pamoja na zake juu ya mlango ule, lakini vitabu tulivyosoma havitupi maneno yake.

Mke akasema polepole, "Labda alisema, hakusikilizwa."

Tuliwaacha waende na neno hilo. Hatukuwaamuru kitu, ila tulisema jambo moja: kung'oa kitu alichokipanda mwenzako bila kumwuliza ni ufa katika ukuta wa nyumba, na asiyeziba ufa atajenga ukuta. Ndoa nayo ni kama bustani ya nchi ya baridi. Haiwezi kustawi pasipo ukuta wa kuilinda na kuipa joto, na ukuta huo hujengwa kwa kuulizana.

Juzi tulipita mbele ya nyumba yao. Mihogo ingalipo, si desturi ya mkulima kung'oa mche ulioshika. Lakini kando ya njia ya kuingilia mlangoni, kutoka barabarani hata kizingitini, pamelimwa kijitaro kipya chenye upana wa jembe moja, na pande zake zimepangwa mawe. Mawe yale ni mazito. Mwanamke peke yake hakuyabeba. Watoto walituambia kwamba baba aliyaleta kutoka mtoni kwa safari tano, na kwamba siku hizi mama humwita chakulani kwa kinywa chake.

Nasi tulipotoka hapo tulikwenda moja kwa moja mpaka dukani. Hatukuwa na fedha zote, tulilipa nusu, na kwa nusu iliyobaki tuliweka siku mbele ya mwenye duka, tukamwangalia usoni. Daftari lile bado liko katika mtoto wa meza, chini ya Amri Kumi. Likiisha kufutwa tutawaambia.

Wazazi, jioni moja ya mwezi huu mkiwa mmeketi pamoja na watoto wenu, ulizaneni maneno haya mawili. La kwanza: katika nyumba yetu mna neno gani jema lililotundikwa ukutani, ambalo mikono yetu hailitendi? La pili: mna kitu gani kizuri ambacho kingetugharimu jasho tu, wala si deni, nasi tumekinyima nyumba yetu kwa sababu hakiliwi? Mkiisha kujibu la kwanza kwa kweli, basi chukueni jembe mwende kulijibu la pili. Wasalaam.